Mkono Uliobaki Hewani

Macho hayana pazia, walisema wahenga, na wanaume wanaokodolea wake za wenzao wakapata kisingizio cha maisha. Mimi nasema yangu yanalo. Kwa miaka lilikuwa likishuka na kupanda lenyewe. Kisha asubuhi moja likashuka kushoto, upande wa chini, na halikupanda tena.

Nilikuwa nimelizoea. Huanza kidoa, mfano wa kile kinachokubakia machoni ukitazama moto wa mchomelea vyuma. Kidoa kinaota ukingo wenye meno kama msumeno, ukingo unameremeta na kutetemeka, unapanuka taratibu mpaka unakuwa upinde unaommeza mtu unayezungumza naye. Anabaki na jicho moja na nusu ya mdomo, naye hana habari, anaendelea kukulalamikia bei ya thina ya kuchanganyia rangi. Halafu upinde unatoka nje ya macho, na maumivu yanaingia kukaa. Daktari alikiita kipandauso. Shangazi yangu, aliyenilea, alikiita wageni.

"Wageni wako wamefika?" huniuliza, huku tayari anafunga dirisha.

Asubuhi ile wageni walikuja na hawakuondoka. Maumivu yalikwisha, upinde ukazimika, lakini pale kushoto pakabaki pametoboka. Daktari alinipiga picha za kichwa, akanionyesha doa jeupe lenye ukubwa wa punje.

"Macho yako ni mazima," alisema. "Ila anayeona si jicho, ni ubongo, na hapa ubongo umeumia. Ni nadra kipandauso kufika huku. Kwako kimefika."

"Patapona?"

"Utazoea."

Daktari akikwambia utazoea, ujue dawa zimemwishia. Nikamuuliza kama inaweza kutokea tena, ikachukua na sehemu nyingine. Akasema inaweza, na inaweza isitokee. Nikamshukuru kana kwamba alikuwa amenijibu.

Watu hudhani pale palipotoboka pana giza. Hapana giza. Hapana kitu. Ubongo, kama fundi mjanja, unakata kiraka cha ukuta au cha zulia, unakipachika pale, nawe huoni mshono. Ukiweka kikombe upande huo, mimi naona meza nzuri isiyo na kikombe. Na kote kwingine, hata ninapoona vizuri, pamejaa chenga ndogondogo zinazocheza, kama televisheni iliyokosa mawimbi. Hizo nazo zimekuja kukaa.

Na mimi ndiye Macho. Ndivyo wanavyoniita dukani. Kazi yangu ni kuchanganya rangi za magari. Mtu anakuja na mlango uliokwaruzwa, anataka rangi ile ile, si ya jirani yake. Napima, nachanganya, nadondosha tone kwenye kadi, naiacha ikauke, kisha natoka nayo kivulini, naiweka juu ya bati, naitazama wima, naitazama kwa pembeni. Kadi ikipotea ndani ya bati, nimepata. Kazi hiyo inahitaji katikati ya jicho tu, na katikati bado nilikuwa nayo.

Kwa rangi hizo ndipo nilipompata Fundi. Alikuwa mpuliza rangi wa gereji ya ng'ambo ya barabara, mrefu, mwenye mikono inayonuka thina hata baada ya kuoga. Siku ya kwanza alikuja na kopo, akasema rangi niliyompa haifanani na gari.

"Rangi yangu haina kosa," nilimwambia. "Gari lako ndilo limewahi kupakwa uchafu. Hiyo boneti si ya mwanzo."

"Unaniambia mimi?"

"Nani mwingine yuko hapa?"

Akaenda kuikwangua kwa msasa. Akarudi, akasimama mlangoni na kopo lake, akanitazama kwa namna ambayo tangu siku hiyo sikupenda kutazamwa na mtu mwingine. Hakusema niko sahihi. Alisema, "Kesho unafungua saa ngapi?"

Wanaume wengine hukupenda kwa maua. Fundi alinipenda kwa upande. Jioni nilipomwambia kuhusu pengo langu, hakulia wala hakuniombea. Alizunguka nyuma yangu, akaja kusimama kushoto, na tangu hapo hakuwahi kutembea kulia kwangu. Baiskeli ikija, ananivuta. Mtaro ukiwapo, ananiminya kiwiko. Nilikuwa namsikia akicheka, nanusa thina, nahisi joto la bega lake, lakini simwoni.

"Hamia huku nikuone," nilikuwa namwambia.

"Nikija huko nani atakaa huku?"

Nilidhani hayo ndiyo mapenzi. Na huenda ndiyo.

Basi ikafika siku ya kupelekwa kwa mama yake.

"Nyumbani wanajua kuhusu macho?" nilimuuliza.

"Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia, Macho. Usinihoji kama askari."

Tatizo letu lilikuwa mkono. Mtu akikukabili, mkono wake wa kulia hutokea kushoto kwako, chini, mahali hasa ambapo mimi sina kitu. Kwa hiyo kila anayenisalimia kwa mkono ananipa mkono nisiouona. Kwa rika langu nina dawa: namwahi, natoa wangu kwanza. Lakini kwa mkubwa, mdogo hatangulizi mkono. Anasubiri kupewa. Tukapatana kwamba mama akinyoosha wake, Fundi ataniminya kiwiko.

"Kama wanajua, tunajificha nini?" nilimuuliza.

"Kujua na kushuhudia ni vitu viwili," alisema.

Shangazi alinivisha kama mtu anayefunga zawadi. Alinirekebisha kola, akarudi nyuma, akanirekebisha tena.

"Ukifika huko, usibishane," alisema. "Ukikosea, sema samahani. Usipokosea, sema samahani. Neno hilo ni la bure, na sisi wanawake tumejengea nyumba."

"Na wanaume wamejengea nini?"

"Wanaume walizikuta zimeshajengwa. Inua kidevu. Si hivyo, unafanana na twiga."

Fundi, ambaye mwaka mzima huvaa kandambili zenye matone ya rangi za magari ya watu, siku hiyo alivaa viatu vya kamba. Vilikuwa vipya, vyeusi, na alivifunga fundo juu ya fundo kama anayefunga mzigo. Nilimcheka njia nzima. Laiti ningejua nacheka nini.

Mlango ulifunguliwa na dada yake, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza nyumba.

"Wifi! Karibu! Huyu kaka yangu ametuchosha. Macho hivi, Macho vile. Nikasema huyo mtu au duka la miwani?"

Tukacheka. Nikavua viatu vyangu kwa kuvichomoa tu. Fundi akainama kupambana na mafundo yake.

"Tangulia," alisema kutoka chini. "Nakuja."

Nami nikatangulia.

Sebule ilikuwa na mwanga hafifu, na nilikuwa natoka kwenye jua. Nikasikia, "Karibu, mwanangu," nikageukia sauti. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkono karibu na mlango, mwanamke mwembamba, mwenye uso wa Fundi uliokaushwa. Nikapiga goti, nikamtazama usoni kwa heshima zangu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikasubiri kiwiko changu kiminywe. Hakikuminywa. Chini ya uso wake niliona gauni, niliona ua la kitambaa cha kiti, zima, halina pengo. Basi nikasema moyoni, mama huyu si wa kutoa mkono. Nikatabasamu, nikainuka, nikaenda kukaa.

Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba mkono ulikuwapo. Ulinyooka kunipokea, ukasubiri, ukabaki hewani mpaka wifi akakohoa, ndipo ukarudi mapajani.

Fundi akaingia kwa soksi, ametoka jasho, akaja kukaa kushoto kwangu. Akaangalia mama yake, akaangalia dada yake. Chai ikaletwa.

"Nasikia unachanganya rangi," mama alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa kisu kilichofutwa vizuri.

"Ndiyo, mama. Za magari."

"Na hukosei."

"Nakosea, mama. Ila naona nilipokosea."

"Hebu nitazame. Gauni langu hili rangi gani?"

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtoto aliyeulizwa swali analolijua. Nilimtazama kwa katikati ya jicho langu zima, chenga zikacheza, nikazipuuza.

"Zambarau, mama. Lakini si zambarau moja. Kiunoni limepanuliwa, na kipande kilichoongezwa kina wekundu kwa mbali. Hakijafuliwa mara nyingi kama gauni lenyewe."

Wifi alipiga kofi la paja.

"Mama! Si ulisema hakuna atakayegundua? Nilikwambia uzi ule ule hautoshi!"

Alicheka mpaka sahani zikalia. Hata Fundi alicheka. Mama naye alitabasamu, na kwa dakika hiyo nilijiona nimekaa katika nyumba ile miaka mingi, nakuna nazi, sijui nafanya nini, mradi nimo. Kisha mama akaweka kikombe chini.

"Kumbe unaona," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Unaona mpaka wekundu wa kwa mbali."

"Ndiyo, mama."

"Basi na mkono wangu uliuona."

Sikuelewa. Nilimgeukia Fundi aniambie mkono gani. Nilipata ukuta. Nikageuza shingo zaidi, nikamwona, anatazama soksi zake.

"Nilikunyooshea mkono," mama aliendelea, "ukanitazama usoni, ukacheka, ukaenda kukaa. Nimekula chumvi nyingi, mwanangu. Nimetukanwa na wenye nyumba, nimetukanwa na wauguzi, lakini kutukanwa kwa tabasamu, sebuleni kwangu, hii ni mara ya kwanza."

"Mama," Fundi alisema haraka, "alikuwa na haya."

Haya! Nikamtazama. Ndipo nilipojua kwamba katika nyumba ile hakuna aliyekuwa anajua chochote.

Jua lilikuwa limepenya pembeni mwa pazia, likapiga kioo cha meza. Nikafumba macho, nimechelewa. Nilipoyafumbua, kidoa kilikuwa kimeshakaa juu ya birika.

"Naomba kutoka kidogo, mama," nilisema. "Nipate hewa."

"Hewa ni ya Mungu," alijibu.

Nje kulikuwa na tangi la maji na kamba ya nguo. Nilishika tangi, lilikuwa la baridi, nikaweka shavu. Fundi akanifuata, akaja kusimama mahali pake pa siku zote.

"Umewaambia nini?" nilimuuliza.

"Fundo lilikwama, Macho. Kamba mpya hizi..."

"Sikuulizi kamba. Umewaambia nini kuhusu mimi?"

"Kwamba unaumwa kichwa. Wakati mwingine."

"Kichwa."

"Si ni kichwa? Daktari mwenyewe alisema macho ni mazima."

Ningecheka kama kichwa chenyewe kisingekuwa kinajiandaa. Kidoa kilishaota meno.

"Kwa nini, Fundi?"

"Kwa sababu ya baba."

"Baba yako si alikufa ukiwa mdogo?"

"Alikufa nikiwa mdogo. Sikukwambia alikufa haoni." Alivuta pumzi. "Presha ya macho. Ilianza pembeni, ikaenda inabana, inabana, mpaka ikafika katikati. Mama alimshika mkono mpaka kaburini. Kazini alimpeleka yeye, mpaka wakamwachisha. Msikitini, kanisani, kwa waganga, kote alikoambiwa kuna dawa alimpeleka yeye. Chooni pia. Tulipomzika alituweka chini, mimi na dada, akasema: mtoto wangu yeyote asiniletee tena ndani ya nyumba hii mtu wa kushikwa mkono. Alisema siwezi mara ya pili. Nitawaunga mkono kwa yote, si kwa hilo."

Upinde ulikuwa unapanda. Kuna kitu kilinijia, na sikutaka kiwe kweli.

"Na wewe? Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Mimi nilikuwa natembea kushoto kwake. Mama kulia, mimi kushoto. Nisimwache agonge."

Nguo kwenye kamba zilipepea. Nilisikia wifi akiosha vikombe ndani, kwa kelele za mtu anayesikiliza.

"Kwa hiyo," nilisema, "mimi ulinizoea kabla hujaniona."

"Usiseme hivyo."

"Nilipokwambia kuhusu pengo, hukufikiri hata kidogo. Ulizunguka tu, ukasimama. Nikasema moyoni, mwanamume wa namna hii hayuko mwingine. Kumbe miguu yako ilikuwa inarudi kwenye kazi yake ya zamani."

"Nilikupenda siku uliyoniambia gari langu limepakwa uchafu. Siku hiyo sikuwa najua habari ya pengo. Huwezi kuninyang'anya siku hiyo."

Hilo lilikuwa kweli, na liliniuma kuliko uongo wake.

"Nisikilize," akasema, akaniinamia sikioni. "Ingia ndani, useme samahani mama, nilikuwa na haya. Basi. Kiburi atakusamehe. Mama kiburi hukikemea mchana, usiku anakicheka. Dada yangu yule ana kiburi cha kuuza, na yuko humo anaosha vikombe. Hilo jingine ndilo asiloliweza."

"Halafu?"

"Halafu tunaoana. Tutamwambia baadaye, polepole."

"Baadaye lini? Nikimmwagia mjukuu wake uji wa moto?"

"Nitakuwa kushoto kwako."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na siku utakayokuwa unafunga kamba za viatu?"

Nikamgeukia, nikamtazama kwa mara nyingine, kwa sababu nilijua kinachofuata. Ule ukingo wenye meno ulikuwa umefika kwenye uso wake. Ulimchukua sikio, ukamchukua shavu, ukamchukua nusu ya ule mdomo ulioniuliza nafungua saa ngapi. Alibaki na jicho moja, nalo lilikuwa linatoa machozi. La pili sikujua kama lilikuwa linalia pia.

"Wageni wamekuja?" aliuliza. Neno la shangazi yangu alikuwa amelichukua.

"Wamekuja."

"Basi sema haraka, tuondoke."

Tukaingia. Mama alikuwa pale pale. Alikuwa amejifunika mtandio kiunoni, juu ya kile kipande kilichoongezwa.

"Mwanangu," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kweli, imechoka, "mimi si mtu wa kuweka kinyongo. Huyu mtoto ndiye wa kiume niliyenaye, na kila akikutaja anakuwa mjinga kwa furaha. Sema neno moja, tumalize. Chai inapoa."

Neno lilikuwa mdomoni. Msomaji, usinione jasiri. Nililionja. Niliiona harusi, niliiona ile nyumba, niliuona mkono wa Fundi mgongoni mwangu tukiwa wazee. Neno la bure, kama alivyosema Shangazi. Kisha nikaona na yaliyobaki: kila mgeni akiingia nina haya, kila kikombe kikivunjika nina kiburi, na Fundi kushoto kwangu, amekodoa macho kwa ajili yangu na kwa ajili ya mama yake, maisha yake yote anatembea pembeni ya uongo.

"Mama," nilisema, "sikukunyima mkono. Sikuuona."

"Macho!" Fundi alisema.

"Kushoto, upande wa chini, sioni. Macho yote mawili. Kwingine naona, ndiyo maana nimeona gauni. Hapo sioni, na sitaona."

Vikombe vilinyamaza jikoni. Mama hakuuliza nasema nini. Mwingine yeyote angeuliza. Yeye aliinuka, akaja mbele yangu, akanishika kidevu kwa upole kama mtu aliyefanya jambo hilo mara elfu.

"Nitazame puani," alisema. "Usihamishe macho." Akainua kidole. "Unakiona?"

Kulikuwa na upinde, kulikuwa na chenga, lakini juu pale nilikiona. "Nakiona, mama."

Kidole kikaanza kushuka kuelekea kushoto kwangu. "Sasa?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Hapana, mama."

"Sasa?"

Nilikuwa naona zulia tu, zuri, zima. Nilisikia pumzi yake ikikatika.

"Nilikuwa namfanyia hivi kila asubuhi," alisema. "Kila asubuhi nikitumaini kitaonekana mbali kidogo kuliko jana." Akaniachia kidevu. "Pengo hilo litaongezeka?"

"Daktari hajui."

"Hata wangu walisema hawajui."

Akarudi kwenye kiti chake kwa kupapasa, yeye anayeona. Alikaa, akazeeka mbele yetu.

"Kwa nini hukusema samahani tu, binti?"

"Kwa sababu sikukosa, mama."

"Sikukuuliza kama ulikosa." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ningekukubali na kiburi chako. Ningekulea nacho. Mwaka mzima ningeishi sijui, miaka miwili, nikacheka na wajukuu. Ungenipa hiyo. Sasa umeniambia, na mimi nikishajua, siwezi kujifanya sijui. Sikuchukii. Nakuonea huruma, na huruma yangu niliimaliza yote kwa mtu mmoja."

"Mama, hii si kama ya baba," Fundi alisema. "Daktari alisema..."

"Nyamaza, baba. Unamwona rangi alivyobadilika? Kichwa kinamjia. Mpeleke kwao kabla hakijamzidi. Na pale kwenye ngazi, umshike."

Kisha alifanya jambo ambalo mpaka leo silijui jina lake. Alinitwaa mkono wangu wa kulia, akaushika kwa mikono yake yote miwili, ule uliobaki hewani na mwenzake, akaubana. Kisha akauweka ndani ya mkono wa mwanawe kama anayerudisha kitu cha kuazima. Hiyo ndiyo salamu niliyopewa katika nyumba ile. Ilikuwa ya kwaheri.

Wifi alitusindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa ameshika viatu vya Fundi, amemfungulia mafundo yote. Hakuweza kunitania. "Wifi," alisema tu, kisha akakumbuka kwamba mimi si wifi yake tena, akafunga mlango.

Tukatembea. Upinde ulikuwa unatoka, na maumivu yalikuwa yameshapiga hodi nyuma ya jicho. Magari yalipita, moja la buluu ambalo fenda yake, lile bati la juu ya gurudumu, ilipakwa na mtu mvivu. Niliiona hiyo. Fundi sikumwona. Nilisikia kamba za viatu vyake zikiburuta.

"Ulifanya makusudi," alisema.

Nikaendelea kutembea.

"Neno moja, Macho. Ulikuwa unaniweka mimi kwenye mizani na neno moja, ukaona neno ni zito."

"Hamia kulia."

"Magari yanatokea huku."

"Fundi, nakuomba. Hamia kulia nikuone, halafu niambie hayo."

Hakuhama. Sauti yake iliendelea kutoka mahali pasipo na kitu.

"Mama nitamrudia. Nitampigia magoti. Lakini na mimi nipe kitu. Nilikuwa nimekuja na mchumba, naondoka na mgonjwa, nyumba nzima inalia. Niombe msamaha mimi, basi. Hata kama mama humwombi, niombe mimi, nijue kwamba na wewe inakuuma. Nitakuwa na cha kusimamia."

Tulikuwa tumefika kwenye kona, pale ambapo yeye huelekea gereji na mimi huelekea nyumbani. Nikasimama. Nilikuwa nampenda kuliko macho yangu, na macho yangu nilikuwa nayapenda sana.

Kisha akaniminya kiwiko.

Ilikuwa ni ishara yetu, ile iliyokosekana sebuleni, mara moja, taratibu, kama tulivyopatana. Nikatazama mbele. Niliona barabara, niliona ukuta wenye matangazo yaliyochanika, niliona jioni nzima isiyo na pengo. Lakini nilijua. Pale chini, kushoto, mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka, wenye harufu ya thina, unasubiri neno langu uushike wangu.

Safari hii sikuwa na kisingizio cha macho. Nilijua upo, nikauacha hewani.

"Hapana," nilisema. "Siombi msamaha. Kwa mama yako siombi, na kwako siombi."